Kukarabati, kupandisha boma au kusubiri hela kamili? Tulinganishe njia za kujenga upya madarasa ya kijijini

Naandika hii kwa wajumbe wa kamati za shule, wenyeviti wa vijiji na hasa nyie wazawa mnaoishi Dar, Mwanza, Arusha mpaka nje ya nchi wenye magroup ya wasapu ya kijiji. Kila Desemba watu wakienda nyumbani sikukuu wanaikuta shule waliyosoma ina nyufa kutoka chini mpaka juu, darasa la pili na la tatu wanapokezana chumba kimoja, mtu anapiga picha anatupia kwenye group, watu wanaumia kweli, na ndani ya siku mbili namba ya kuchangia imeshawekwa kabla hajatokea mtu wa kuuliza tunajenga nini na kwa njia ipi. Ule moyo ni mzuri na sitaki kuupoza hata kidogo. Ila njia ziko kadhaa na zinapishana sana kwa hela, kwa muda na kwa nani anabaki na mzigo mwishoni, kwahiyo mlinganishe kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nasimama wapi: kitu cha kwanza kujua ni nani analipia paa. Tofali, fundi, kiwanja, rangi, vyote vinafuata. Kama swali la paa halina jibu, hakuna njia hata moja kati ya hizi itakayowapa watoto darasa.

Kidogo kuhusu majengo yenyewe. Madarasa mengi mabovu tunayoyaongelea ni ya enzi za UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974 lililotaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Wazazi na babu zetu walijenga kwa mikono yao, tofali za kuchoma au hata mbichi, tope la udongo badala ya saruji katikati ya tofali, renta, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaolala juu ya kuta, mara nyingi hamna kabisa. Wimbi lingine ni la MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002 mpaka 2006, ada iliposhafutwa na watoto wakaja kwa wingi. Halafu Januari 2016 ikaja elimu bila malipo, vyumba vikafurika tena. Kiwango cha wizara ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi, sasa pita vijiji vya Geita au Kigoma uchungulie darasa la kwanza, kukuta watoto wanazidi mia sio jambo la ajabu. Kwahiyo tatizo liko mara mbili, majengo yamechoka na hata yangekuwa mazima yasingetosha.

Kukarabati au kubomoa na kuanza upya

Watu wengi wanapenda kubomoa. Jengo jipya linapendeza, linawekwa jiwe la msingi, kiongozi anakuja kuzindua. Ukarabati hauna shamrashamra. Lakini kwa upande wa hela ukarabati mara nyingi unashinda kwa mbali, maana msingi na kuta tayari unavyo, hela yote inaenda kwenye paa, sakafu, plasta na madirisha, yaani vile vitu ambavyo mtoto anavihisi akiwa amekaa darasani. Na unaweza kwenda chumba kimoja kimoja, likizo ya Juni kimoja, likizo ya Desemba kingine, bila kuwapeleka watoto kusomea chini ya mwembe.

Sasa kuna wakati haufai kabisa, na hapa ndio pa kuwa makini. Angalia ufa. Nyufa nyembamba zinazotembea juu ya plasta ni za kawaida, unabandua plasta unapiga upya. Ufa unaopasua tofali zenyewe, unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha au unaoanzia chini kwenye msingi, na mpana kiasi kwamba kidole kinaingia, huo unakwambia msingi umecheza. Kabla ya kuamua kuna kipimo wanachokijua mafundi wazoefu na hakina gharama: koroga saruji kidogo na mchanga, ziba kiraka kama cha upana wa kiganja juu ya ufa sehemu mbili tatu, andika tarehe kwa ncha ya msumari kabla hakijakauka, halafu acha masika yote ipite. Kiraka kikipasuka ukuta bado unatembea, usithubutu kuweka bati mpya juu yake. Kikibaki kizima maana yake ukuta ulishatulia na ukarabati unawezekana. Maeneo ya udongo mweusi wa mbuga, kama Shinyanga na Simiyu, kipimo hiki ni cha lazima maana udongo ule unavimba ukipata maji na kusinyaa kiangazi, jengo linapanda na kushuka kila mwaka, utaziba nyufa mpaka uchoke.

Mbao za paa pia zichokonoe kwa msumari mrefu, hasa pale kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba bati, inapokalia ukuta. Msumari ukizama bila nguvu ni mchwa, hiyo mbao haibebi kitu. Na kama paa ni la yale mabati ya asbesto ya zamani, yale mazito ya kijivu yenye mawimbi, tafadhali msiwaite vijana wa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea ya kijiji, kuja kuyavunja kwa nyundo. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu na madhara yake yanakuja kuonekana miaka mingi baadaye. Mjulisheni injinia wa halmashauri atoe maelekezo ya kuyashusha na pa kuyafukia.

Kingine, ukuta mrefu wa UPE usio na renta. Kuweka paa jipya zito juu ya ukuta wa tope bila renta ni kutafuta msiba. Inawezekana kumwaga renta juu ya ukuta wa zamani ila sio kila ukuta unakubali, hiyo ni kazi ya injinia kusema, na kwa kweli suala zima la kubomoa au kutobomoa msilipigie kura mkutanoni. Mkutano upige kura kuhusu michango na zamu za kazi. Kuhusu kama ukuta utawaangukia watoto au hautawaangukia, aitwe mtaalamu, na jengo la shule ni mali ya umma kwahiyo hata kulibomoa kunahitaji idhini ya halmashauri kwa maandishi.

Boma, fosi akaunti, au mfadhili na mkandarasi wake

Hapa ndio nitakaa zaidi maana ndio vijiji vingi vinapokwama.

Njia ya boma kila mtu anaijua. Wananchi wanachimba msingi, wanasomba mawe na mchanga, wanachanga, kuta zinapanda mpaka renta, halafu serikali inaombwa kuezeka na kumalizia. Uzuri wake ni kwamba mnaanza na mlichonacho, hamsubiri mtu, na kijiji kilichopandisha boma kina hoja nzito mbele ya diwani na mkurugenzi kuliko kijiji kinacholalamika tu. Wanakijiji wanaijua kila tofali, hawataliacha jengo liharibiwe kirahisi.

Ubaya wake uangalie kwenye hesabu. Mwaka 2021 ulipokuja ule mkopo wa IMF wa UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000, kati ya hayo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo zilizo chini ya shule mama), kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Kipindi hichohicho hela za tozo za miamala ya simu zikapelekwa kumalizia maboma, milioni 12.5 kila boma la darasa. Toa moja kwenye nyingine. Kwa hesabu za serikali yenyewe boma lililofika renta lina thamani ya kama milioni 7.5 tu ya darasa la milioni 20, yaani jasho lote lile la kijiji kizima, misaragambo, ng'ombe waliouzwa, mnakuwa hamjafika hata asilimia 40 ya safari. Zaidi ya nusu ya darasa iko kwenye kenchi, bati, madirisha, milango, plasta na sakafu. Bei zimepanda tangu wakati ule kwahiyo usiibebe milioni 20 kama bei ya leo, beba ule uwiano.

Ndio maana nchi hii ina maboma mengi yaliyokaa miaka bila paa. Na boma halikai likakungoja. Mvua inapiga juu ya ukuta ulio wazi, maji yanaingia katikati ya tofali, nondo zilizoachwa zimechomoza kwenye renta zinakula kutu mpaka zinakatika kwa mkono, ndani majani yanaota yanafika kiunoni, mizizi inaingia kwenye msingi. Hela ya halmashauri inakuja mwaka wa nne, injinia anapima anasema theluthi ya kuta ibomolewe. Nimeona kijiji ambacho kilipandisha vyumba vitatu kwa pamoja kwa sababu ya hamasa ya mwaka mmoja, na vyote vitatu vikaishia renta, wakati michango ileile ingetosha kumaliza chumba kimoja kabisa na watoto wakaingia. Inauma maana wale watu walijitoa kwelikweli, na baada ya hapo ukiitisha mkutano wa mchango mwingine nani anakuja?

Kwahiyo boma ni njia nzuri kwa sharti moja, ahadi ya paa iwe imeandikwa. Iwe kwenye bajeti ya halmashauri, au kwenye mfuko wa jimbo kwa muhtasari uliopitishwa, au hela za wazawa ambazo tayari ziko benki. Ahadi ya jukwaani wakati wa kampeni usiihesabu.

Fosi akaunti nayo ni hivi: hela ya darasa inaingia kwenye akaunti ya shule, shule yenyewe kupitia kamati zake inanunua vifaa na kumuajiri fundi wa kijijini kwa leba chaji, yaani analipwa ufundi tu. Kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Madarasa ya UVIKO yalijengwa hivyo, na ya mradi wa serikali wa BOOST kwenye shule za msingi nayo hivyohivyo. Faida ni kubwa, hamna faida ya mkandarasi juu, fundi ni mtoto wa pale pale, hela inazunguka kijijini, na darasa linatoka miezi michache kama hela imekuja nzima. Kwa gharama kwa darasa moja lililokamilika sijaona njia inayoipiku.

Lakini ina mambo yake. Mwalimu mkuu anageuka stoo kipa, anahesabu mifuko asubuhi badala ya kufundisha hesabu. Kiwango cha hela ni kilekile nchi nzima wakati saruji ya Kibaha sio bei ya saruji ya Ukerewe au Mafia ambako inavuka maji, wala ya kijiji cha ndani Kigoma ambako lori halifiki masika. Hapo ndipo nguvu ya wananchi inapotakiwa kuingia, mchanga, mawe, kokoto na maji vitoke kijijini ili hela taslimu ibaki kwa vitu vya dukani, vinginevyo mtafika kwenye rangi hamna kitu. Manunuzi nayo siku hizi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwahiyo fundi na muuza tofali wenu wa kijijini msaidieni kujisajili mapema, asije akakosa kazi iliyo mlangoni kwake kwa kukosa usajili tu. Na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, hela iliyolala kwenye akaunti bila kutumika inaweza kurudi Hazina, sasa imagine imeingia Mei katikati ya mvua watu wanavuna mpunga. Mkiwa mmeshasomba mawe na mchanga kabla, Mei hiyohiyo mnamwaga jamvi, yaani zege la sakafu.

Njia ya tatu ni mfadhili anayekuja na mkandarasi wake, inaweza kuwa kampuni, shirika, kanisa, msikiti, au hata familia moja tajiri ya kijiji. Hapa mnapata jengo kamili bila kutoa jasho, na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi mnaweza kumbana kwa mkataba, kuna kipindi cha uangalizi baada ya kukabidhi ambapo kasoro anarekebisha kwa gharama yake, kitu ambacho fundi wa leba chaji akishalipwa akaondoka hamuwezi kumdai. Gharama kwa darasa inakuwa juu, ramani ni ya mfadhili, na tabu kubwa niliyoiona mimi ni matunzo. Bati limeng'oka moja, watu wanasema "tumsubiri aliyejenga", mwaka unapita, paa lote linaoza kwa kukosa misumari ya buku mbili. Kama mmepata bahati hii msiikatae jamani, ila ombeni kazi fulani ibaki ya kijiji, mfano kusomba mawe ya msingi na kuchimba mashimo ya vyoo, na kamati yenu iwe saiti kila siku ya zege.

Kwa haraka haraka tukiziweka bega kwa bega: ukiangalia kuanza mapema boma linaongoza, ukiangalia kumaliza mapema na kwa bei nafuu ni fosi akaunti yenye hela nzima, ukiangalia kuwa na wa kumdai kasoro ni mkandarasi. Umiliki wa wananchi uko juu kwenye boma, wa kati kwenye fosi akaunti ikiwa kamati ni za wananchi kweli na sio majina ya kujaza fomu, na chini kwa mkandarasi msipojiongeza.

Tofali gani

Hii mada watu wanaigombania sana kuliko inavyostahili, kama hesabu ya pale juu ilivyoonyesha kuta sio sehemu kubwa ya hela. Ila ukikosea tofali unapoteza zote.

Za kuchoma zinafaa Kagera, Rukwa, Mbeya na kote ambako udongo ni mzuri na watu wanajua kazi. Nguvu ya wananchi inaingia vizuri, wakati wa kiangazi kila kaya inafyatua zake. Shida ni kuni, tanuri moja linakula miti mingi mno, na tofali za pembeni ya tanuri hazivi vizuri. Zipime, gonga mbili pamoja zikitoa mlio mkali wa kama chuma zimeiva, zikitoa kishindo kizito tia moja kwenye ndoo ya maji ilale usiku kucha, asubuhi ikimomonyoka ukingoni hizo ni za kujengea banda la kuku, sio darasa.

Za saruji ndio zinazotawala pwani na karibu na miji. Zinakwenda haraka na haziitaji kuni, lakini ubora wake ni wa kujificha, ni rahisi mno kuibiwa. Fundi akikwambia mfuko mmoja wa kilo 50 anakutolea tofali 50 za inchi sita mkimbie, huo ni mchanga uliogandishwa. Na maji, tofali zimwagiliwe wiki nzima angalau, kwenye kijiji ambacho maji yanafuatwa kilomita tatu hii ni gharama ya kweli na lazima iwekwe kwenye zamu za msaragambo, la sivyo akina mama ndio watakaobeba ndoo zote kimyakimya.

Za kufungamana, zile zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kupangwa kwa kujifunga zenyewe, binafsi nazipenda sana kwa shule za vijijini. Wakala wa nyumba bora wa serikali, NHBRA, umezisambaza miaka mingi. Udongo wa palepale na saruji kidogo, hamna kuchoma hivyo miti inapona, saruji ya kujengea karibu hamna, na ukuta wa nje unaweza kuachwa bila plasta. Ila sio kila udongo. Chukua chupa ya maji ya lita moja, jaza udongo theluthi, ongeza maji, tikisa sana, acha mpaka kesho yake. Mchanga unakaa chini, tope laini linakaa juu, unaona mstari kabisa. Mchanga ukiwa mwingi kwa mbali na tope kidogo la kushikia udongo unafaa, tope likizidi nusu achana nao, tofali zitapasuka zikikauka. Zinakaushwa kivulini na kulowanishwa, sio juani. Na kozi ya kwanza lazima ilale sawasawa kwa pima maji, ikikosewa kidogo pale chini juu ukuta unakataa kufungana, kwahiyo fundi awe amewahi kuzijenga. Kama hamna fundi wa hivyo wilayani, chagueni ile ambayo mafundi wenu wanaijua.

Tofali lolote mtakalochagua, paa lifungwe kwenye renta. Kila msimu tunasikia upepo umeezua madarasa, na ukienda kuangalia unakuta ile mbao inayolala juu ya ukuta imepigiliwa misumari tu au imekalia saruji, hakuna chuma kilichotoka ndani ya zege kuja kuishika. Siku ya kumwaga renta mjumbe mmoja wa kamati asimame pale ahesabu vyuma vya kufungia vikiwa vimechomoza kabla zege halijakauka. Baada ya hapo hamna namna ya kurudisha kirahisi. Bati nazo, msidanganywe na rangi, ulizeni geji, 28 ni nene kuliko 30 na ndiyo inayostahimili upepo na watoto kupanda kufuata mpira.

Michango: nguvu, vifaa au hela

Kwanza sheria. Tangu elimu bila malipo ianze mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, na Januari 2018 Rais Magufuli alikemea vikali michango mashuleni na kuelekeza kwamba mwenye nia ya kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi, mwalimu asishike hela. Kwahiyo mambo ya ujenzi yapite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, risiti zitolewe, mwalimu abaki na chaki yake. Hii inamlinda hata mwalimu mwenyewe.

Nguvu kazi ni kubwa ila ina msimu. Kati ya Novemba na Mei watu wako mashambani, ukipanga msaragambo Februari utakutana na wazee watatu na mwenyekiti. Baada ya mavuno, Julai mpaka Septemba, ndio muda wa kufyatua, kusomba na kuchimba. Wajane, wazee na wagonjwa wasamehewe hadharani pale mkutanoni ili mgambo wasije kuwakamatia kuku wao.

Kwa wazawa wa mjini, hela taslimu ndiyo rahisi kutuma na ndiyo inayoleta maneno. Mimi napendelea mgawane vitu vya paa: fulani na wenzake bati, wengine mbao za Mafinga zilizotiwa dawa, wengine misumari na kofia za bati, mnalipa dukani moja kwa moja na kamati ya mapokezi inasaini mzigo ukishuka. Hii inaenda na lile nililosema, kijiji kinatoa mawe, mchanga, maji na jasho ambavyo kinavyo, nyie mnatoa kile ambacho kijijini hakichimbwi. Saruji msiitume mapema yote kwa pamoja, ikikaa stoo miezi mitatu juu ya sakafu yenye unyevu inaanza kuganda kwenye mfuko, ije kwa awamu na ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta.

Fundi alipwe kwa hatua, msingi, renta, kenchi, umaliziaji, kila hatua injinia wa halmashauri au fundi sanifu akishaikubali.

Kama mngeniuliza mimi

Mna madarasa mawili yenye paa bovu lakini kuta zimepita kipimo cha kiraka: karabati, msijenge kipya mwaka huu, mtapata vyumba viwili kwa hela inayokaribia kimoja.

Kuta zimekufa na halmashauri imesema kwa maandishi itaezeka mwaka wa fedha ujao: pandisheni boma, lakini la idadi ya vyumba vilivyoandikwa tu, sio zaidi.

Kuta zimekufa na hamna ahadi yoyote ya serikali: jengeni chumba kimoja kwa michango yenu wenyewe mpaka dawati la mwisho, na hela ya paa ikae benki kabla ya kuchimba msingi. Msingi unaweza kuchorwa wa vyumba viwili kwa ajili ya baadaye. Hapa najua kuna watakaobisha kwamba hamasa ikipoa watu hawatachanga tena, mimi naona kinyume, watu wakiona watoto wameingia chumba kimoja kilichokamilika mchango wa pili unakuja wenyewe.

Mfadhili yupo: mpokeeni, mwombeni aweke vyoo kwenye hesabu yake. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na shule nyingi zinazopata madarasa mapya zinaongeza watoto bila kuongeza hata tundu moja, wasichana wa darasa la sita na la saba ndio wanaobaki nyumbani siku zao.

Na kwa yoyote kati ya hizo, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1 ila mapendekezo ya vijiji yanakusanywa miezi mingi kabla, kwahiyo barua ya kumwita injinia na ombi la paa vipite kwa mtendaji wa kijiji na wa kata kabla ya Desemba, nakala kwa diwani na kwa mratibu elimu kata, na mmoja wenu akae na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.